Mistari Tisa Niliyoifunika Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbovu. Kufuli Saba kaniaibisha tena Jukwaani, mbele za watu, kabla sijamaliza hata chai.

Jukwaa ni ule uwanja wa mijadala mtandaoni ambako watu wenye akili wa mji huu hukutana kubishana kuhusu teknolojia, usalama na uandishi wa habari. Mimi pale ni Ngao ya Ukweli. Yeye anajiita Kufuli Saba, na sura yake hakuna aijuaye, kaweka picha ya kitasa. Leo nimeandika hoja ya aya sita kwamba simu ikizimwa haiwezi kudukuliwa. Yeye akauliza, kwa ule upole wake wa kukera, kama baadaye huwa naiwasha. Swali tu! Laiki arobaini na moja. Hoja yangu imepata laiki moja, nayo niliiweka mwenyewe.

Mtu wa kitasa anifundishe mimi habari! Mimi mpanga kurasa wa gazeti la wiki, mwaka wa kumi na nane huu. Kila kinachosomwa mji huu siku ya Alhamisi kimepita mikononi mwangu, nimekipa safu, nimekipa kichwa, nimekipa nafasi ya kupumua.

Nyumbani nako mambo hayaeleweki. Mama watoto anachemsha maji ya kunywa, wiki ya tatu sasa. Nikamuuliza kulikoni, maana yeye anafanya kazi masjala ya bodi ya maji, si ndiye angekuwa wa kwanza kuyaamini? Akasema ninywe tu. Sikuelewa. Nikanywa, yakaniunguza ulimi.

Jumanne, 5 Machi

Nina mpango. Mzuri sana.

Nimefungua akaunti ya pili. Inaitwa Bibi Mstaafu. Mwalimu wa zamani, miaka sabini na minne, mjukuu wake ndiye anayemsaidia kuandika. Kazi yake ni moja tu, kuniunga mkono. Asubuhi akaandika: huyu kijana Ngao anasema kweli, ila ana hasira. Hilo la hasira nililiongeza ili ionekane si mimi. Laiki sitini! Sasa Jukwaa zima linakubaliana kwamba Ngao ana hasira.

Kufuli Saba kamwamkia Bibi shikamoo. Mimi miaka sita niko pale, hajawahi kuniuliza hata hali.

Mchana nikapotea njia kidogo. Nilikuwa namjibu Kufuli kwa ukali, nikamwita kitasa kisicho na haya, nikabonyeza. Kumbe nilikuwa ndani ya akaunti ya Bibi. Badala ya kukasirika, watu wamefurahi. Wanasema bibi huyu ni moto. Ningesema mimi ningefungiwa wiki nzima.

Jioni shemeji alikuja. Ni mdogo wake Mama watoto, na pia ndiye mwandishi wetu wa habari za uchunguzi pale gazetini, meza ya tatu kutoka yangu. Wakajifungia jikoni wananong'ona. Nilipoingia, mmoja akaniuliza kama nataka chumvi. Sikuwa nakula chochote. Nimefikiri sana na nimepata jibu moja tu: wanaandaa siku yangu ya kuzaliwa. Ni Septemba, lakini hawa wanawake hupenda kujiandaa mapema.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji kaniletea kazi nzito. Ripoti ya vipimo vya maji ya tangi la kaskazini. Ripoti halisi inasema maji hayo hayafai kunywewa. Ile iliyobandikwa kwenye ubao wa bodi, ya tarehe hiyohiyo, inasema yako salama kabisa. Mtu ndani ya bodi ndiye aliyeitoa ile halisi. Inakwenda ukurasa wa kwanza, Alhamisi ijayo, tarehe kumi na nne.

Akaniambia mstari wa mwisho niufunike weusi, kwa kuwa unaonyesha namba ya mtumishi aliyeichapa. Akanishika mkono kabisa. "Shemeji, ule mstari ukionekana, mtu anafukuzwa kazi. Pengine na zaidi ya kufukuzwa."

Nikamuuliza mtu gani. Akaniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa kabla ya sindano. Sikuelewa hata kidogo.

Nimeufunika. Weusi tii. Nikauchapa, nikaushika dirishani kwenye mwanga wa jua. Hola. Nikachukua na ile lenzi yangu ya kukagulia picha. Hola. Kazi ya mtu anayejua kazi.

Kurudi Jukwaani, namkuta Kufuli Saba kaandika kwamba hakuna gazeti katika mji huu linaloweza kumlinda mtoa habari wake, kwa sababu tunajua kuandika ila hatujui mafaili. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Hatujui! Sisi!

Alhamisi, 7 Machi

Nimemjibu. Si kwa maneno, kwa vitendo.

Niliichukua ile ripoti nikafunika mistari tisa: jina la bodi, jina la tangi, tarehe, sahihi, kila kitu mpaka namba ya mtumishi. Nikabakiza tarakimu za vipimo peke yake, ambazo hata mimi sizielewi. Nikaihifadhi kama faili, nikaipandisha Jukwaani, na chini yake nikaandika hivi: atakayeweza kusema karatasi hii ni ya nani na imetoka wapi, mimi nafunga mdomo mwaka mzima.

Bibi Mstaafu akanipongeza kwa ushujaa. Mtu mmoja akakisia ni ripoti ya mkojo. Kufuli Saba hakusema kitu, saa tano nzima. Nilitembea ofisini nikipiga mluzi, mpaka mhariri akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Saa tisa ikaingia barua ya faragha. Nainakili hapa ili wajukuu waje waone jinsi adui alivyonywea: "Liondoe faili hilo sasa hivi. Maandishi bado yapo chini ya weusi na yanasomeka. Sisemi hadharani kwa ajili ya huyo mtu wa mstari wa mwisho."

Nilicheka mpaka kikohozi. Yanasomeka! Nikachapa tena, nikaenda tena dirishani. Giza totoro. Kwa hiyo mbele za watu hana neno, ila anakuja mlango wa nyuma kuniomba niondoe ushahidi wa kushindwa kwake. Nikamjibu kwa kifupi kwamba yeye ni mwoga, na kwamba mwoga hana pa kupumzika ndani ya Jukwaa.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nifurahi au nilie. Mwenye Jukwaa kamwandikia Bibi Mstaafu. Anamwomba awe msimamizi wa mijadala, kwa busara zake na ulimi wake mkali wenye heshima. Siku tatu tu yuko pale! Mimi miaka sita, sijaombwa hata kufagia. Nilikaa nusu saa namwonea wivu bibi ambaye hayupo.

Nimekubali, kwa niaba yake.

Malalamiko ya kwanza kumfikia mezani yametoka kwa nani? Kufuli Saba. Shikamoo Bibi, samahani kukusumbua. Anaomba faili la Ngao lifutwe, kuna mtu asiye na hatia ataumia, amejaribu kumwambia mwenyewe akatukanwa. Akaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuhakikisha: buruta kishale juu ya weusi, nakili, kabandike pengine, usome.

Sikujaribu. Bibi wa miaka sabini na minne haburuti vishale.

Nikaandika hukumu, kwa lugha ya mwalimu. Bibi amelichunguza faili kwa makini, hakuona kosa, na anamsihi mjukuu wake Kufuli ajifunze kushindwa kwa adabu. Akajibu: asante Bibi, lakini tafadhali angalia tena. Ving'ang'anizi wa namna hii ndio wanaoharibu mijadala. Nikafunga shauri.

Jumatatu, 11 Machi

Nimerudi kutoka kazini nikamkuta Mama watoto amekaa kitandani na viatu miguuni. Yeye asiyeruhusu kiatu kivuke mlango! Kumbe yuko hapo tangu saa tano.

Amesimamishwa kazi. Barua iko mezani. Kikao ni Ijumaa, na asipojieleza wakaridhika, ndiyo basi tena, kazi ya miaka kumi na moja. Kosa ni kutoa karatasi ya siri ya bodi. Namba yake imeonekana kwenye karatasi hiyo, na karatasi iko mtandaoni.

Nilichanganyikiwa. Namba gani? Karatasi ipi? Nikamuuliza ni kweli aliitoa, akasema ndiyo, alimpa mdogo wake, kwa sababu shule ya watoto wetu inakunywa maji ya tangi lile na yeye hakuweza kuona ripoti mbili za siku moja akanyamaza. Ndiyo maana ya kuchemsha. Ndiyo maana ya kunong'ona. Kwa hiyo hakuna sherehe ya Septemba.

Halafu nikawaka. Mjinga gani huyo anayeweza kupandisha karatasi ya watu mtandaoni? Nikasimama katikati ya chumba nikaapa kwamba nitamtafuta. Nikamwambia mimi ni mtu wa Jukwaani, nina ujuzi, kesho saa sita mchana nitakuwa na jina lake. Akanishika mkono akaniambia asante.

Jambo la ajabu ni kwamba wiki iliyopita tu na mimi nilikuwa na karatasi yenye namba. Mji mdogo huu.

Jumanne, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilianza uchunguzi. Ngao akaandika kwa uchungu kuwa kuna mhaini kati yetu. Bibi Mstaafu akamsihi mhusika ajitokeze, akasema hata yeye darasani alikuwa akisamehe. Kufuli Saba hakuandika kitu. Nikamweka wa kwanza kwenye orodha ya washukiwa.

Saa nne shemeji akaja mezani kwangu na kompyuta yake. Hakusalimia. Akalifungua faili langu, lile lenye mistari tisa. Akaburuta kishale juu ya weusi, akanakili, akabandika kwenye ukurasa mtupu. Mistari tisa ikajipanga mbele ya macho yangu, safi, hakuna herufi iliyopotea. Jina la bodi. Tangi. Tarehe. Na ule wa mwisho: imechapishwa na mtumishi namba 0417.

Akaniuliza kama najua namba ya dada yake. Sikuijua. Miaka kumi na minne ya ndoa, na kitambulisho chake huning'inia nyuma ya mlango kila jioni, pembeni ya kofia yangu.

"Shemeji, kwenye karatasi weusi ni wino," akasema. "Kwenye faili ni kifuniko tu. Chungu bado kiko chini, na chakula kiko ndani."

Nilitaka kulifuta, kumbe Ngao hana ruhusa, siku za mtu kufuta faili lake zimepita. Ilibidi Bibi ndiye alifute. Watu sitini na watatu walikuwa wameshalipakua.

Nimeenda nyumbani kumwambia mwenyewe. Nilijikwaa kwenye ngazi zangu mimi. Alikuwa anakunja nguo za watoto. Nilieleza mpaka mwisho, naye akaendelea kukunja, shati juu ya shati, mpaka kikapu kikaisha. Kisha akauliza kama kuna mtu alinionya. Nikasema ndiyo. Mara ngapi? Mbili. Nikaongeza kwamba ya pili hakuniambia mimi. Alimwambia nani? Hapo ikabidi nimweleze habari za Bibi. Ilichukua muda mrefu, na sidhani alielewa, maana hata mimi nilipokuwa naeleza sikuwa naelewa.

Aliponijibu hakupaza sauti. Bora angepaza. "Kukosea sikulaumu. Lakini mtu asiyekujua wewe wala mimi alikwambia kuna mtu ataumia. Hukuuliza ni nani. Uliangalia nani ameshinda."

Nimelala sebuleni. Hakuniambia nilale huko.

Jumatano, 13 Machi

Mhariri alitaka kuiondoa habari. Amepigiwa simu, hasemi na nani, ila jasho lilikuwa linamtoka kwenye chumba chenye feni mbili. Shemeji akakataa. Wakawa wanabishana, mimi nimejikunyata nyuma ya skrini, mara mlango ukafunguliwa akaingia Mama watoto. Hajawahi kufika ofisini kwetu hata siku moja.

Akamwambia mhariri kwamba habari itoke, na weusi uondolewe. Iandikwe namba yake, cheo chake na miaka yake kazini. Wameshamjua, sasa anafichwa asionekane na nani? Akifukuzwa, afukuzwe watu wakiwa wanajua ni kwa sababu gani. Mhariri akafuta jasho akasema sawa.

Nimeupanga ukurasa huo mimi. Niliuondoa weusi wa mstari wa mwisho kwa mkono wangu. Miaka kumi na nane sijawahi kupanga ukurasa uliotulia vile. Mama watoto alisimama nyuma yangu akausoma wote. Akanisahihisha tarehe moja.

Ijumaa, 15 Machi

Gazeti la jana liliisha saa tatu asubuhi. Leo nje ya bodi watu walijipanga na chupa za maji ya bomba, kila mmoja anataka yake yapimwe. Mimi nilikaa kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha kikao, muda wa saa mbili. Niliomba kila dua ninayoijua, nikaanza na nyingine nisizozijua vizuri.

Alitoka anatembea kawaida. Walimuuliza kama ni yeye aliyeichapa ripoti. Akasema ndiyo, kuchapa ripoti ndiyo kazi yake. Kisha akawauliza, ile ya pili iliyobandikwa ubaoni alichapa nani? Wakaanza kupekua makaratasi yao. Na afisa wa afya wa mji alikuwa amekaa palepale, na gazeti mapajani.

Mkuu wa maabara ya bodi, mwenye ile ripoti ya ubaoni, ndiye amesimamishwa. Mama watoto anarudi kazini Jumatatu. Lakini si masjala tena. Wamempa barua ya uhamisho, anapelekwa kituo cha pampu mwisho kabisa wa mji, chumba kimoja na mashine inayonguruma kutwa. Hawakusema ni adhabu. Ataondoka nyumbani kabla watoto hawajaamka. Barua ameiweka kabatini, chini ya mashuka, kama mtu anayeweka kitu asichotaka kukiona.

Ameanza kunisemesha kidogo. Chumvi, watoto, mlango ufungwe. Niliingia bafuni nikafungua bomba nikalia, maana haya yote nimeyafanya mimi kwa vidole vyangu.

Nimeapa. Ngao ya Ukweli amekwisha leo. Bibi Mstaafu naye amewaaga watu, amesema umri umemlemea. Jukwaa zima limemlilia, mwenye Jukwaa kaandika maneno marefu ya shukrani, na Kufuli Saba amesema hakubaliani naye ila atamkumbuka. Nilipoaga mimi, mtu mmoja aliweka kidole gumba.

Jumapili, 17 Machi

Nimerudi Jukwaani mara moja tu, kwa jambo la kiungwana. Kumshukuru Kufuli Saba. Mtu mzima akikosea hukiri. Nikaandika mbele ya wote: uliniambia kweli, sikukusikiliza, nisamehe.

Akajibu vizuri mwanzoni. Anatumaini mhusika yuko salama. Akasema hata yeye aliwahi kukosea. Kisha akaongeza kwamba ndiyo maana wasioelewa mafaili wawaachie wanaoyaelewa.

Wasioelewa! Baada ya yote niliyopitia! Laiki tisini na mbili!

Nikaeleza, kwa utulivu kabisa, kwamba katika mji huu hakuna mtu anayeelewa kufunika faili kunishinda mimi, kwa sababu wao wamesoma na mimi yamenikuta. Mmoja mwenye picha ya paka akaniambia nithibitishe. Nisingejibu wangesema naogopa.

Hapa nyumbani sikuwa na karatasi ya maana isipokuwa ile barua ya uhamisho kabatini. Mama watoto alikuwa uani anaanika nguo. Nikaipiga picha, nikaigeuza faili la maandishi kama lile la kwanza, nikafunika jina, namba, cheo na kituo. Safari hii sikurudia ujinga wa mwanzo. Nimefunika mara mbili, weusi juu ya weusi. Anayetaka kunakili ataambulia ule weusi wa chini. Nikaipandisha, na nikawauliza tena kama kuna anayeweza kusema ni ya nani.

Wako kimya, dakika ya ishirini hii.

Sasa hivi imeingia barua ya faragha kutoka kwa Kufuli Saba. Sijaifungua na sina haja. Amekubali kushindwa, ila anaona haya kusema mbele za watu.